Madaftari ya Umatumbi: Kwa Nini Chuo Kikuu Kichunguze Habari za Watu



Mara nyingi baada ya ibada ya Jumapili mzazi humwendea mwalimu akiwa na swali moja. Kijana wake amefaulu mtihani wa kidato cha sita, amepata nafasi katika chuo kikuu, na somo alilolichagua ni historia. Mzazi huuliza kwa upole, lakini uso wake waonyesha mashaka: "Mwalimu, akimaliza atakula nini?" Kijana angalichagua udaktari, au uhandisi, au elimu ya kilimo, mzazi asingalikuja kuuliza. Angalikwenda moja kwa moja kutafuta mbuzi wa kuuza ili apate nauli.

Sipendi kumdharau mzazi huyo. Swali lake ni la haki, na wale wanaolijibu kwa maneno matamu bila ushahidi wamkosea. Tena si yeye peke yake aulizaye. Serikali nazo zauliza, na jawabu lao huonekana katika mishahara. Mwaka 2022 serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa walimu wa sekondari wa masomo ya sayansi wenye shahada hata ukafika shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, na walimu wa masomo mengine wakaachwa nyuma sana. Mwezi wa Juni mwaka ule walimu waligoma. Fikirini chumba kimoja cha walimu: afundishaye kemia na afundishaye historia wameketi penye meza moja, wanywa chai ya birika moja, na kila mmoja ameambiwa na nchi yake thamani yake ni kiasi gani.

Shaka hii ni ya zamani katika nchi zetu. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza 14 walijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ilipita miaka mingi, hata mwaka 1949, ndipo Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London na wanafunzi wake wakawekwa katika njia ya kupata shahada. Useremala ni kazi ya heshima, na Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya seremala. Lakini waliopanga mambo katika siku zile walitaka kwanza mikono ya kutumika, na hawakuwa na haraka ya kupata watu watakaoandika habari za nchi.

Tanganyika ilianza kwa njia nyingine, nami naona yafaa tuikumbuke. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la chama cha TANU, wanafunzi wasiofika 20, na somo lao lilikuwa moja tu, yaani sheria. Nchi maskini, yenye upungufu wa madaktari na wahandisi, ilianza na elimu ya mambo ya wanadamu, kwa sababu wanasheria wazalendo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na nchi isiyo na wanasheria wake hutawaliwa na karatasi za wengine. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na masomo mengine yakafuata, historia ikiwa mojawapo.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Nataka kueleza kazi moja iliyofanywa na chuo kile, kazi ya vita vya Maji Maji, kwa kuwa hapo ndipo nionapo wazi kuliko mahali pengine po pote kwamba fedha itumikayo kwa historia haitupwi.

Mwezi wa Julai mwaka 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, upande wa Kilwa, watu wawili waitwao Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche michache. Kung'oa huko kulikuwa tangazo la vita. Katika muda wa wiki chache moto ulienea hata pande za Lindi, Mahenge na Ungoni. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, lakini vita vilikuwa vimekwisha kumpita. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa njiani pamoja na watawa wenzake wanne, na makanisa ya kusini hayajamsahau. Ilipofika mwaka 1907 vita vilikuwa vimezimwa. Wajerumani wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, nitakayemtaja sana katika habari hii, alikadiria baadaye watu 250,000 hata 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, baada ya majeshi kuchoma nyumba na ghala na kuharibu vyakula mashambani.

Basi, ni nani aliyeeleza sababu za msiba huo? Aliyeshinda ndiye aliyekuwa na kalamu, karatasi na kiwanda cha kuchapa. Gavana von Götzen, aliyeitawala nchi tangu mwaka 1901 hata 1906, alichapisha kitabu chake juu ya maasi hayo mwaka 1909. Katika habari za watawala, uchawi ulipewa nafasi kubwa: watu wajinga walidanganywa na waganga, wakaamini kwamba risasi zitageuka maji, wakakimbilia mauti yao. Neno hilo la maji ni kweli. Watu waliliamini, na wengi walikufa wakiliamini. Lakini neno la kweli likisemwa peke yake laweza kuficha mengine yote, na kwa muda wa miaka kama 60 msomaji aliyetaka kujua kwa nini Wamatumbi waliinuka aliweza kusoma upande mmoja tu. Wamatumbi walikuwapo, nao walikumbuka. Hawakuwa na mtu wa kuwauliza.

Mwaka 1963 Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini kwa kuwaunga mkono Waafrika waliotaka haki zao, aliwekwa kuwa profesa wa kwanza wa historia Dar es Salaam. Pamoja naye na baada yake walikuja John Iliffe, Isaria Kimambo, aliyekusanya mapokeo ya Wapare, na Gwassa. Hawa walifanya jambo ambalo vyuo vya Ulaya wakati ule havikuliheshimu sana: walikwenda vijijini wakaketi na wazee. Gwassa alikaa na wazee wa Umatumbi na nchi za jirani akaandika maneno yao. Mwaka 1968 yeye na Iliffe walitoa kitabu kidogo ambamo maneno ya wazee na maandiko ya Wajerumani yaliwekwa bega kwa bega, na mwaka 1973 Gwassa alipata shahada yake ya udaktari kwa kazi hiyo hiyo.

Wazee walisema nini? Walieleza habari za pamba kinaganaga. Tangu mwaka 1902 serikali ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe. Watu wa nyuma ya Dar es Salaam waliwekewa siku 28 za kazi kwa mwaka, na malipo yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Msomaji mkulima na asimame kidogo hapa. Siku 28 kwa mwaka zaonekana chache zikiandikwa katika karatasi ya ofisi. Lakini pamba hupaliliwa wakati ule ule chakula kinapopaliliwa, na shamba la mahindi halingoji akida amalize zamu yake. Afisa aliandika kwamba watu ni wavivu na wachukia kazi. Mzee alieleza kwamba alikuwa na kazi mbili na mvua moja.

Wazee walieleza tena habari ambazo hazikuweza kuwamo katika majalada ya serikali kwa kuwa zilifichwa serikali isizijue. Walitaja njwiywila, yaani habari za kunong'onezana, zilizopita toka mtu hata mtu na toka kijiji hata kijiji kabla ya vita, watu wakiambiana kwamba huko Ngarambe ametokea mtu mkuu. Walieleza jinsi makundi ya watu walivyosafiri kwenda kwa Kinjikitile kana kwamba ni kuhiji, na jinsi alivyowaambia wangoje, wasianze vita hata awape neno. Wamatumbi ndio waliochoka kungoja. Kwa hiyo ile miche ya Nandete haikung'olewa na watu waliorukwa na akili. Walikuwa wamepewa shauri la kungoja, wakalipima, wakalikataa. Mtu aweza kusema walikosea, na mimi mwenyewe nisomapo hesabu ya waliokufa nasema hivyo. Lakini mtu aliyekosea katika shauri lake ni mtu mwenye shauri, na kabla ya kazi ile ya chuo vitabu vilimnyima hata hilo.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, kama nifanyavyo na watoto darasani. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 76 mwaka 1966. Mwaka 1980 angalikuwa na miaka 90. Chuo kingalisema, kama wengi wasemavyo leo, "Kwanza tujenge maabara, kwanza tununue mitambo, historia itakuja baadaye tukiwa na fedha," kingalifika Umatumbi na kukuta makaburi. Maabara isiyojengwa mwaka huu yaweza kujengwa mwaka ujao, na jiwe la mwanajiolojia litakuwa pale pale milimani. Mzee hangoji. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya elimu ya vitu na elimu ya watu, nami nashangaa kwamba wapangao fedha za vyuo huitaja mara chache. Wao huuliza somo lipi lina faida zaidi. Hawaulizi ni somo lipi ambalo likiahirishwa halitawezekana tena.

Sisi Wakristo tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwinjili Luka alikuwa mganga, mtu wa dawa na magonjwa. Hata hivyo hatukupata kwake kitabu cha dawa. Mwanzoni mwa Injili yake aeleza kwamba alizichunguza habari tangu mwanzo, akizifuata kwa wale walioziona kwa macho yao. Alifanya kazi ya Gwassa. Angaliona kwamba uganga wake wamtosha, na kwamba kuuliza wazee si kazi ya msomi, tungalikosa mfano wa Msamaria na habari ya mwana mpotevu, kwa maana hazimo katika Injili nyingine.

Gwassa hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa, wakati wa likizo, kwenda katika nchi zilizopiganwa, wengine katika nchi za kwao wenyewe, wakiwa na madaftari ya kuandikia. Waliuliza kwa lugha ya nyumbani, na wazee wakawajibu kama wanavyowajibu wajukuu zao. Maandiko yao yalikusanywa chuoni yakawekwa. Vijana waliokuwa wakirudi likizo hata hivyo, mafunzo ya namna ya kuuliza na kuandika, madaftari, na mwalimu wa kuyasoma na kuyapanga: kazi hiyo haikuhitaji mtambo wo wote kutoka ng'ambo.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana historia isiyojisahihisha ni hadithi ya kusifu tu. Wanahistoria wale wa Dar es Salaam walikuwa watu wa nchi mpya, nao walipenda kuona katika Maji Maji mwanzo wa umoja wa taifa. Waliposikia habari za Umatumbi, wakati mwingine walizitandaza juu ya nchi yote ya kusini kama mkeka mmoja. Wengine waliokuja nyuma waliona kwamba mkeka huo una matundu. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri aliandika juu ya Uzaramo, akaonyesha habari za njaa, za nguruwe mwitu walioharibu mashamba wanaume walipochukuliwa kwenda kazi za mbali, na za mzigo uliowaangukia wanawake. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kikubwa ambamo waandishi wengi walionyesha kwamba vita havikuwa na sura moja kila mahali: huku watu walipigana kwa sababu ya pamba, huku kwa sababu ya magomvi ya zamani baina ya wakubwa na majirani. Na sikilizeni hili: katika kuwasahihisha wale wa kwanza, waandishi hao walirudi kwenye madaftari yale yale ya wanafunzi wa 1968. Miaka 40 ilikuwa imepita, wazee wote walikuwa wamelala, lakini maneno yao yalikuwa yamewekwa, na mtu mwenye swali jipya aliweza kuyauliza tena. Akiba haiozi.

Nilikwisha sikia mtu mmoja msomi, mwenye kupenda mitambo, akisema kwamba mambo haya ni mazuri lakini hayaleti chakula. Nikamkumbusha habari ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kulikuwa na matrekta, kulikuwa na wahandisi, kulikuwa na fedha. Wapelelezi wa mpango walikuwa wameizunguka nchi kwa wiki chache tu. Huko Kongwa mvua ilikosekana, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa karibu pauni milioni 36. Sisemi kwamba mwanahistoria mmoja angaliokoa pauni hizo zote. Mitambo yenyewe ilikuwa na magonjwa yake. Lakini Wagogo waliishi katika nchi ile na ukame wake tangu zamani, na njaa zao walizikumbuka. Elimu ya kuketi na watu, kuwauliza, kupima maneno yao na kuyaandika ili mhandisi ayasome kabla hajawasha trekta, hiyo nayo ni elimu, nayo yafundishwa katika idara hizo hizo ambazo wengine wataka zipunguzwe.

Hata lugha niandikayo sasa ni tunda la kazi ya namna hii. Mwaka 1930 ilianzishwa Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki, ili tahajia na vitabu vya shule viwe vya namna moja. Halmashauri hiyo ilitangatanga toka mji hata mji, hata mwaka 1964 ilipokabidhiwa kwa chuo kikuu cha Dar es Salaam ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1981 taasisi ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwalimu wa sayansi anayetafuta neno la kumweleza mtoto wa kijijini jinsi damu inavyozunguka hulitafuta katika vitabu vya watu wa lugha. Na tangu mwaka 1969 mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, aliyesoma katika chuo hicho hicho, umewafikishia habari za Ngarambe vijana wengi wa shule ambao hawatafungua kamwe kitabu kinene cha historia.

Sasa niseme habari ya karibuni, maana huenda msomaji afikiri kwamba sayansi na historia ni maadui. Huko Berlin, Ujerumani, yalikuwako mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Wajerumani; mengi yalitoka Rwanda, na mengine zaidi ya 200 yalitoka Tanzania. Kwa miaka kadhaa wachunguzi walifanya kazi ya kutafuta yalikotoka. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 ilitangazwa kwamba kwa vipimo vya vinasaba wamepatikana ndugu walio hai. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na kipimo kilithibitisha kwamba alikuwa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, yule aliyenyongwa mwaka 1900. Kipimo chaweza kusema kwamba huyu na yule ni damu moja. Lakini ni lazima kwanza mtu asome daftari za makumbusho, ajue Akida alikuwa nani na watu wake wakaa wapi, ndipo damu ya kupimwa ipatikane. Mwenye mtambo na mwenye historia walibeba jeneza hilo pamoja.

Na tarehe 1 Novemba mwaka ule ule Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, na akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Jamaa hiyo bado yatafuta kichwa cha babu yao. Mimi siamini kwamba rais wa nchi kubwa angaliomba msamaha kwa vita ambavyo vitabu vyaeleza kuwa ni wazimu wa wachawi. Kwanza ilibidi habari zibadilike, na habari zilibadilishwa na watu wenye kalamu na subira, waliolipwa mishahara ya chuo kikuu.

Nirudi kwa mzazi wangu wa Jumapili. Nilimwambia kweli: huenda kijana asipate kazi upesi, na mshahara wa mwalimu wa historia naujua mimi mwenyewe. Nikamwambia pia kwamba ajifunze vizuri lugha, kuuliza, kupima ushahidi na kuandika, maana watu wenye hayo hutakiwa mahakamani, katika halmashauri, magazetini na kanisani. Hapo aliinamisha kichwa. Sijui kama alitulia. Lakini lawama yangu haimwangukii yeye, maana mzazi ana mtoto mmoja wa kumfikiria na mbuzi wachache. Chuo kikuu na serikali wana nchi nzima, na mtu mwenye nchi nzima hana ruhusa ya kuhesabu kama mwenye mbuzi watatu.

Nina sababu yangu ya kusema kwa ukali kidogo. Katika kijiji nilichokulia palikuwa na mzee mmoja aliyejua jinsi watu walivyohamishwa mwaka 1974, wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa: nyumba zipi zilibomolewa, nani alikwenda kwa hiari na nani kwa nguvu, makaburi gani yaliachwa porini, na wanawake walifanyaje mvua ilipowakuta bila paa. Aliniambia mara mbili, "Mwalimu, njoo na karatasi." Nikajibu kwamba nitakuja likizo ya Desemba. Alizikwa Oktoba. Nilisimama kaburini nikiimba pamoja na wengine, nami nikajua kwamba tulikuwa tunafukia na kitabu.

Kijana aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1974 sasa amepita 70, kama walivyokuwa wale wa Umatumbi Gwassa alipowafikia. Yuko bibi mmoja ng'ambo ya mto ambaye alihamishwa akiwa na mtoto mgongoni. Nimemwomba nafasi, naye ameniambia nije Jumamosi akisha kumwagilia mboga zake. Nitakwenda na daftari, na simu ya kunasa sauti. Lakini mimi ni mwalimu wa shule. Sikufundishwa sana namna ya kuuliza, na mchwa wa nyumba yangu hula karatasi bila kuchagua. Daftari hilo likijaa, nitalipeleka kwenye chuo kikuu gani, na nani atakuwako huko, mwenye rafu, mwenye mshahara na mwenye wakati, wa kulipokea?